Lee Evans: Kutoka Mbio Fupi Hadi Ualimu wa Riadha

Wahenga wetu wametuachia methali isemayo kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sakafu waliyoikusudia ni ile ya juu ya nyumba za mawe za miji ya pwani, mahali palipopigwa chokaa pakawa sawa, ambapo mtoto huweza kutimua mbio apendavyo. Lakini hatua chache tu mbele yake upo ukingo, na nje ya ukingo hakuna ila hewa. Kwa kawaida twaitumia methali hii kumwonya mtu mwenye pupa. Hata hivyo, tukiifikiri vizuri, twaona kwamba inamwelea hasa mkimbiaji wa mbio fupi, ambaye ujana wake wote huutumia kujitayarisha kwa kazi ya sekunde chache, na ambaye afikapo umri wa miaka thelathini aghalabu huambiwa kwamba amekwisha kuzeeka.

Swali basi ni hili: mkimbiaji afikapo ukingoni hufanya nini? Wako waliobaki pale pale, wakisimulia siku zao za zamani kwa kila apitaye. Wako walioanguka, tusijue walikoishia. Na wako waliogeuka, wakashuka ngazi, wakarudi uwanjani kuwashika mikono watoto wa watu wengine. Katika insha hii tutamzungumzia mmoja wa kundi hilo la mwisho, naye ni Lee Evans wa Marekani. Tumemchagua si kwa ajili ya medali zake mbili za dhahabu tu, bali kwa kuwa maisha yake yalifungamana na historia ya bara letu, na hata na historia ya wakimbiaji wa Afrika Mashariki, kwa namna ambayo vijana wetu wengi hawajaisikia.

Lee Evans alizaliwa tarehe 25 Februari 1947 katika mji wa Madera, jimbo la California. Aliko zaliwa ni nchi ya mashamba makubwa, na watu weusi wa hapo, kama walivyokuwa wengi wa wenzao, waliishi kwa jasho lao katika mashamba ya watu wengine. Alipokuwa kijana alisoma San Jose, na mbio zake zikamfungulia mlango wa chuo kikuu cha mji huo. Chuoni hapo alikuwapo mwalimu wa riadha aliyeitwa Bud Winter, ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea.

Yafaa tutue kidogo kwa mwalimu huyu, maana hakuna mwalimu asiyekuwa na mwalimu wake. Winter alishika neno moja ambalo kwa mtu asiyezoea riadha huonekana kama kinyume cha akili: kwamba mtu atakaye kukimbia kwa kasi kubwa zaidi hana budi kujilegeza. Aliwafundisha wanafunzi wake kulegeza taya na viganja, na kutokaza misuli ambayo haina kazi katika mbio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa amefanya kazi ya kuwafundisha marubani wa kijeshi jinsi ya kutuliza miili yao, na baada ya vita akayaleta maarifa hayo uwanjani. Kijana aliyezoea kuuma meno na kukunja ngumi kila aombwapo kuongeza mwendo, kwake Winter alifundishwa kwamba nguvu nyingi hupotea katika kuonyesha nguvu.

Mafundisho hayo yalimfaa Evans sana, kwa sababu mbio alizozichagua ni za mita 400. Mbio hizi ni mzunguko mmoja kamili wa kiwanja, nazo huhesabiwa miongoni mwa mbio fupi, lakini ni fupi kwa jina tu. Mwili wa binadamu hauwezi kukimbia kwa kasi yake yote mita zote hizo. Atumiaye nguvu zake zote katika nusu ya kwanza, katika mita 100 za mwisho miguu humwia mizito kama aliyefungwa mawe, na aliyejibana mno mwanzoni hukuta wenzake wamekwisha kwenda. Sisi watunga mashairi twalijua jambo hili kwa njia yetu: amalizaye pumzi zote katika ukwapi hana atakachokiimbia utao. Kwa hiyo mbio za mita 400 zataka nguvu, lakini zaidi ya nguvu zataka kipimo, na kipimo ni jambo la kufundishwa.

Evans hakuwa mkimbiaji tu. Mwaka 1967, yeye pamoja na wenzake wa San Jose, akiwamo Tommie Smith, waliungana na mwalimu wao wa elimu ya jamii, Harry Edwards, katika harakati za kudai haki za binadamu kwa njia ya michezo ya Olimpiki. Madai yao yalijulikana. Walitaka Afrika Kusini na Rhodesia, nchi zilizotawaliwa kwa ubaguzi, zisiruhusiwe kushiriki. Walitaka Muhammad Ali arudishiwe ubingwa wake. Walitaka Avery Brundage, aliyekuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, aondoke. Tena walitaka walimu weusi waongezwe katika timu za riadha za Marekani. Dai hili la mwisho husahauliwa na wengi, lakini sisi twaliona kuwa ndilo ufunguo wa maisha ya Evans ya baadaye. Watu weusi walikuwa wakikimbia, na wengine ndio waliokuwa wakishika saa, wakichagua timu na kutoa amri. Kudai mwalimu ni kudai mamlaka juu ya maarifa.

Katika dai la kwanza vijana hao hawakuwa peke yao. Mapema mwaka 1968 ilipoamuliwa kwamba Afrika Kusini ikubaliwe tena, mataifa huru ya Afrika yalitangaza kwamba hayatakwenda Mexico City, na kabla ya michezo uamuzi ule ukatenguliwa. Hivyo, kabla Evans hajakanyaga ardhi ya Afrika kama mwalimu, alikwisha kusimama upande mmoja na Afrika.

Michezo ya Mexico City ilifanyika mwezi Oktoba 1968. Tarehe 16, Tommie Smith na John Carlos walisimama jukwaani baada ya mbio za mita 200, wakainamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Siku mbili baadaye, habari za kufukuzwa kwao katika timu zilipokuwa midomoni mwa watu wote, ndipo zilipokimbiwa mbio za mwisho za mita 400. Evans alifadhaika, akafikiri kujitoa, na inasimuliwa kwamba ni Carlos mwenyewe aliyemhimiza akimbie. Akakimbia. Alimaliza kwa sekunde 43.86, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 44 katika mbio hizo. Larry James alikuwa wa pili kwa sekunde 43.97, na Ron Freeman wa tatu. Wote watatu walikuwa Wamarekani weusi, nao walipanda jukwaani wakiwa wamevaa bereti nyeusi. Walio wengi kati ya Wazungu wa kwao waliona kwamba wamevuka mpaka, na baadhi ya ndugu zao weusi wakaona kwamba hawakufika mbali vya kutosha. Ndiyo desturi ya mtu asimamaye katikati, hupigwa mawe na pande zote mbili.

Tarehe 20 Oktoba zilikimbiwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, na hapa ndipo historia ya Evans inapokutana na yetu. Vince Matthews, Ron Freeman, Larry James na Evans, aliyekimbia mwisho, walitumia dakika 2 na sekunde 56.16. Nyuma yao, katika nafasi ya pili, hawakuwa Waingereza wala Wajerumani, bali vijana wa Kenya: Daniel Rudisha, Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati, waliotumia dakika 2 na sekunde 59.64. Kenya ilikuwa imepata uhuru miaka mitano tu kabla ya hapo. Sifa za wakimbiaji wetu wa mbio ndefu zimekuwa kubwa mno hata tumesahau kwamba Afrika Mashariki ilikwisha kuonyesha pia uhodari wa mzunguko mmoja.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, mambo yaligeuka. Katika majaribio ya kuchagua timu ya Marekani Evans alimaliza wa nne, akapata nafasi katika kikosi cha kupokezana vijiti tu. Vince Matthews akashinda mbio za mita 400 na Wayne Collett akawa wa pili, huku Julius Sang wa Kenya akichukua medali ya shaba. Lakini Matthews na Collett walisimama jukwaani bila kuuheshimu wimbo wa taifa kama wakuu walivyotaka, wakapigwa marufuku kushiriki tena. John Smith alikuwa ameumia mguu. Marekani ikakosa watu wanne wa kukimbia, na Evans, bingwa wa mwaka 1968, akabaki mtazamaji. Wakenya Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang wakashinda kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Dhahabu hiyo ilikuwa halali yao, nao walikwisha kuithibitisha thamani yao miaka minne nyuma. Lakini kwa Evans, mwenye umri wa miaka 25, ukingo wa sakafu ulikuwa umefika.

Kwa muda alikimbia mbio za kulipwa nchini kwake. Kisha mwaka 1975 akaenda Nigeria kuwa mwalimu wa riadha wa taifa. Tuupime uamuzi huo. Mtu mwenye rekodi ya dunia angeweza kukaa kwao akaishi kwa jina lake. Yeye alikwenda katika nchi ambayo viwanja vilikuwa vichache na vijana walikuwa wengi. Wahenga husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuja na dawa mfukoni, alikuja na kipimo alichofundishwa na Winter, naye alikuwa tayari kukigawa.

Yafaa vijana wafahamu kazi ya mwalimu wa riadha ilivyo, maana watu huiona siku ya mashindano tu. Kazi yenyewe ni ya alfajiri na jioni, miezi kwa miezi. Mwalimu humkimbiza kijana mita 200 mara nyingi, na kati ya mbio na mbio humpimia mapumziko kwa saa, hadi mwili wake ujue wenyewe mwendo unaotakiwa. Hutazama bega lililopanda, kiganja kilichokazwa, hatua iliyofupika kabla ya kona. Tena humfundisha kupokea kijiti. Katika mbio fupi za mita 100 mara nne mpokeaji hutoa mkono nyuma bila kutazama. Katika zile za mita 400 mara nne sivyo: anayekuja amechoka, macho yamemwingia kiza, na hajui tena mkono wake ulipo. Kwa hiyo mpokeaji hugeuza uso, humtazama mwenzake, huupima uchovu wake, kisha hukichukua kijiti mkononi mwake. Mzigo wa kupokezana huwa juu ya yule aliye na nguvu mpya.

Haukupita muda mrefu Nigeria ikapata mtihani mkubwa. Mwezi Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto waliuawa kwa risasi, na wakati huo huo timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikijitayarisha kuzuru Afrika Kusini. Mataifa ya Afrika yalidai New Zealand isishiriki michezo ya Montreal, na dai lao lilipokataliwa yakajitoa. Tanzania ilikuwa ya mbele katika msimamo huo, ingawa ilikuwa na Filbert Bayi, aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu mwaka 1974. Kenya ilijitoa. Nigeria ilijitoa. Wakimbiaji waliojinyima kwa miaka minne walirudi makwao bila kukimbia. Tusiseme kwamba ilikuwa dhabihu nyepesi, maana ujana wa mkimbiaji haurudi. Lakini msimamo huo ulikuwa ni ule ule ambao vijana wa San Jose waliudai mwaka 1967, na sasa serikali za Afrika ndizo zilizoulipia.

Mavuno ya Nigeria yalionekana Los Angeles mwaka 1984. Katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, Sunday Uti, Moses Ugbisie, Rotimi Peters na Innocent Egbunike walipata medali ya shaba kwa dakika 2 na sekunde 59.32. Hatupendi kumpa mtu mmoja sifa ya watu wengi. Medali ya timu huwa na baba na mama wengi, kuanzia mwalimu wa shule ya msingi aliyeona mtoto akikimbia, hadi vyuo ambako wakimbiaji hao waliendelezwa. Lakini mbio za mita 400 zilikwisha kuota mizizi Nigeria, na Evans alikuwa miongoni mwa walioutia maji mche huo.

Aliendelea kufundisha katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, na baadaye katika Chuo Kikuu cha South Alabama huko kwao. Wakati huo rekodi zake zilikuwa zikianguka. Mwezi Agosti 1988 Butch Reynolds alikimbia mita 400 kwa sekunde 43.29, baada ya rekodi ya Evans kudumu karibu miaka ishirini. Mwaka 1992 rekodi ya vijiti nayo ikavunjwa. Rekodi ni kama nyumba ya kupanga, kila aingiaye humo hujua kwamba yuko mwingine atakayekuja na mizigo yake.

Tungetamani kuishia hapa, lakini historia isiyosema ila mazuri ni sifa tu, wala haimfundishi mwanafunzi. Mwaka 2014 wakuu wa riadha wa Nigeria walimfungia Evans kwa miaka minne katika kesi ya kumpa mwanariadha mwenye umri mdogo dawa zilizokatazwa. Adhabu hiyo ni sehemu ya kumbukumbu yake, nasi hatuna ruhusa ya kuificha. Mtoto humpa mwalimu wa riadha mwili wake kama mtu akabidhivyo amana, na amana hiyo ni kubwa kuliko medali yoyote.

Nchi hiyo hiyo ya Nigeria ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa dawa kutoka upande wa pili. Katika michezo ya Sydney ya mwaka 2000, Clement Chukwu, Jude Monye, Sunday Bada na Enefiok Udo-Obong walishika nafasi ya pili nyuma ya Marekani katika mbio za vijiti. Mwaka 2008 mmoja wa Wamarekani wale, Antonio Pettigrew, alikiri kwamba alitumia dawa, na timu yake ikanyang'anywa dhahabu. Mwaka 2012 dhahabu hiyo ikathibitishwa kuwa ya Nigeria. Lakini Sunday Bada alikuwa amefariki mwezi Desemba 2011. Alistahili dhahabu kwa miaka kumi na moja, na hakuivaa hata siku moja. Kila kijana ashawishiwaye kwa vidonge na akumbuke kwamba mwizi wa mbio humwibia mtu mwenye jina na uso.

Lee Evans alifariki tarehe 19 Mei 2021 mjini Lagos, akiwa na umri wa miaka 74, katika nchi alimokuwa akifundisha riadha. Mtoto wa mashamba ya California alimalizia siku zake katika bara ambalo mababu zake walitolewa kwa minyororo. Ukihesabu, utaona kwamba miaka yake ya mbio kubwa haikuzidi kumi, na tangu alipofika Nigeria kwa mara ya kwanza hadi alipofariki huko ilipita miaka 46.

Tumeyaeleza haya kwa sababu shule zetu zina haja ya kuyafikiri. Kila mwaka mashindano ya shule hutuonyesha watoto wenye kasi ya kustaajabisha, na kila mwaka wengi wao hupotea. Nchi zetu hazikukosa vipaji. Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, alishinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Perth ya mwaka 1962. Tunachokikosa mara nyingi ni wale wakimbiaji wa jana kurudi uwanjani na saa mkononi. Wanapokuwapo watu wa kupokezana, matunda huonekana. Yule Daniel Rudisha aliyekimbia dhidi ya Evans Mexico City alizaa mtoto, David, aliyekimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Naye David alilelewa katika riadha na Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Baba alimpa damu, mwalimu akampa kipimo.

Kwa hiyo twawaomba walimu wetu wasimwache mkimbiaji mstaafu akae ukingoni akitazama chini. Aitwe shuleni, apewe saa na watoto, asimamiwe kwa haki, na akikosea aambiwe. Na ninyi vijana, mkumbuke jinsi kijiti cha mita 400 kinavyopokewa: anayekuja amechoka, hana nguvu za kukunyoshea vizuri. Geuza uso wako, umtazame, ukichukue mkononi mwake.